Tumeongeza utunzaji wa kumbukumbu juu ya hifadhi ya nyaraka iliyokuwepo, njoeni niwasimulie yaliyotukuta (uzi mrefu)

MzeeWaFolio

Wakuu heshima kwenu. Juzi kuna mdau aliuliza, ofisini kwao wana mfumo wa nyaraka tayari, kila kitu kimeskaniwa, sasa wameambiwa waongeze utunzaji wa kumbukumbu humo humo na yeye haoni tofauti, nyaraka si ndo kumbukumbu? Nilitaka nimjibu mistari miwili nikaona nitamdanganya, acha nifungue uzi.

Mimi ni mtu wa masjala. Nimesoma Tabora, chuo cha utumishi wa umma, nimeanza kazi enzi za rejista ya barua kwa mkono, folio (namba ya kila karatasi ndani ya jalada) unaandika kwa kalamu nyekundu juu kulia, dokezo (karatasi ya maoni na maamuzi) kushoto barua kulia. Sasa hivi niko taasisi moja ya umma, siitaji, na msinifuate PM kuniuliza. Miaka kadhaa nyuma wenzetu wa IT waliweka Alfresco, programu ya kuhifadhi nyaraka, ile ya bure ya Community, zikanunuliwa skana mbili, wakaletwa vijana wa mkataba wa miezi sita, kazi ikaanza. Waliambiwa waskani kila kitu na kweli wakaskani kila kitu. Kuna kadi ya mchango wa harusi ilikuwa imesahaulika ndani ya jalada la mafunzo nayo ikaskaniwa, sitanii, ipo mpaka leo, kamati ya maandalizi inakuomba ndugu mchango wako wa shilingi elfu hamsini tu.

Mwisho wa siku tukawa na mafaili laki mbili na ushee humo ndani. Wakubwa wakafurahi, picha zikapigwa, tukawa taasisi ya kidijitali.

Sasa akaja mkaguzi. Anataka mkataba wa usafi wa jengo, kitu kidogo kabisa. Kijana wa IT akasema hiyo sekunde tu, akaandika kwenye kutafuta, yakaja manne: mkataba_usafi_final, mkataba_usafi_FINAL2, mkataba usafi final wenye muhuri, na scan0417. Mkaguzi akauliza mkataba ni upi hapo. Kimya. Tukafungua, bei ya kwenye FINAL2 na ya kwenye scan0417 zinapishana tarakimu moja. Kuangalia historia, FINAL2 ilibadilishwa Jumamosi saa mbili usiku na yuza anaitwa admin. Admin ni nani? Paswedi ya admin walikuwa wanaijua watu sita, mmoja wao alishaacha kazi.

Kuna mama tunafanya naye masjala, karibu anastaafu, alikuwa amekaa pembeni hajasema neno. Akanyanyuka akaenda akavuta jalada, akarudi, folio 23, mkataba wenye saini pande zote mbili na muhuri, ukigeukia dokezo kuna mstari "Folio 23 yahusika, naomba uridhie" na chini yake "Nimeridhia", tarehe, saini. Hata dakika nne hazikufika.

Hapo ndo nikajua hatuna mfumo wa kumbukumbu, tuna stoo ya picha za karatasi. Naenda kula naendelea.

kipanga_wa_udom

Naweka kiti mbele kabisa. Hiyo FINAL2 ya Jumamosi usiku ina harufu 😂

seva_imelala

Mkuu mimi ni IT na naona unatuonea. Tatizo lenu hapo ni majina ya mafaili na paswedi, siyo mfumo. Mngeweka utaratibu wa kutaja mafaili na kila mtu na akaunti yake mngekuwa sawa. Moduli ya kumbukumbu, yani kipande kingine cha kupachika kwenye programu, ya nini? Mnaongeza mzigo kwenye seva bure.

MzeeWaFolio

seva_imelala hapana mkuu, siyo kuonea, ngoja nikuoneshe. Chukulia majina ni mazuri na kila mtu ana akaunti yake. Mwanasheria anaingia kwa akaunti yake halali, anapandisha vesheni mpya ya mkataba ambao ulishasainiwa miaka miwili iliyopita. Mfumo utamkatalia? Haumkatalii, tena unampongeza, vesheni 1.3 imehifadhiwa. Kwa sababu hifadhi ya nyaraka kazi yake ni kusaidia watu waendelee kuandika na kurekebisha. Ndo raha yake hiyo na ndo ubaya wake.

Kumbukumbu ni kitu kilichoshafanyika. Ukishaipa barua folio na kuifunga ndani ya jalada, hata mkurugenzi haichomoi, akitaka kubadili mawazo anaandika barua nyingine nayo inapata folio yake. Ile ISO 15489, kiwango cha kimataifa cha utunzaji wa kumbukumbu, ya 2001, iliyopitiwa upya 2016, inazitaka kumbukumbu ziwe halisi, za kuaminika, kamili na zinazotumika. Sasa neno kamili hapo linamaanisha hazijaguswa tangu ziingie. Na siyo mambo ya masjala tu, Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ukipeleka faili la kompyuta mahakamani wanaangalia lilitengenezwaje, lilitunzwaje, na uzima wake ulilindwaje. Utamjibu nini hakimu, kwamba admin ni watu sita?

Alaf kuna upande wa pili ambao nyie IT hamuupendi, kumbukumbu nyingi lazima zife. Hifadhi yenu haijui kifo. Kitu kinaingia kinakaa mpaka diski ijae mnanunua diski nyingine.

Haya tuendelee. Tukapata kibali, akaja mzabuni, akasema moduli ya kumbukumbu kwenye Alfresco ipo tayari ni kuipachika tu, siku mbili. Na kweli kupachika ni siku moja, unazima seva, unaweka zile amp mbili (mafaili ya kupachika), moja upande wa hifadhi moja upande wa Share, yani kurasa wanazoziona watumiaji, unawasha, unatengeneza saiti ya kumbukumbu ambayo inakuwa moja tu kwa mfumo mzima. Mzabuni akafungua skrini mbele ya menejimenti, akabonyeza Mpango wa Majalada, ukafunguka mweupe. Hamna kitu. Akamgeukia mkuu wa IT, mkuu wa IT akanigeukia mimi, mimi nikamgeukia mama wa masjala.

Yani programu inakuuliza: makundi yako ni yapi, kila kundi linakaa muda gani, muda unaanza kuhesabiwa lini, likiisha muda linaenda wapi, nani anaruhusu. Hayo majibu hayauzwi na mzabuni. Yalikuwa kwenye daftari letu la orodha ya majalada na kwenye ratiba ya uteketezaji ambayo ilikuwa imekunjwa kwenye droo tangu enzi ya mkuu wa masjala aliyepita.

Tukaomba miezi mitatu. Mzabuni alinuna, hela ya mwisho ilikuwa imefungwa kwenye kukabidhi.

Bi_Shubaka

Miezi mitatu ya kufanya nini sasa? Mimi niko halmashauri tumeambiwa wiki mbili 🙈

MzeeWaFolio

Dada Bi_Shubaka pole, wiki mbili watakuwekea folda zenye majina ya idara halafu wataita huo ni mpango wa majalada. Usikubali. Idara zinabadilika kila akija bosi mpya, leo Utawala na Rasilimali Watu, kesho wanaigawa. Kazi ndo hazibadiliki: ajira, likizo, manunuzi, matengenezo ya magari, kesi. Sisi tulipanga kwa kazi, ndani yake shughuli, ndani yake majalada. Tulianza na ofisi moja tu, manunuzi, kwa sababu ndo alikoanzia mkaguzi na kwa sababu wale karatasi zao zina mwanzo na mwisho, tangazo, zabuni, tathmini, mkataba, malipo, kwisha.

Na hapa nitoe siri, kazi kubwa kuliko zote haikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa kukaa na afisa manunuzi na mhasibu na mwanasheria meza moja wakubaliane mkataba unakuwa kumbukumbu saa ngapi. Afisa manunuzi anasema ukishasainiwa. Mwanasheria anasema hapana, mpaka nakala yenye saini ya mkandarasi irudi. Mhasibu anasema yeye anachojua ni siku ya malipo ya kwanza. Tulikaa vikao vitatu! Chai imeliwa mpaka ikaisha bajeti. Lakini walipokubaliana (nakala yenye saini zote mbili ikishaingia masjala, basi), kazi ya kwenye mfumo ikawa kitufe kimoja, unabonyeza kutangaza kuwa ni kumbukumbu, inakaa palepale ilipo watu wanaiona kama kawaida ila kikufuli kinatokea, hairekebishwi tena.

Yale mafaili laki mbili ya zamani msithubutu kuyapitia moja moja. Kijana wetu mmoja wa IT, huyu namsifu kwa moyo wote, aliandika skripti inatoa hashi ya SHA-256 ya kila faili. Kwa wasiojua, hashi ni kama alama ya kidole ya faili, ukibadili koma moja tu alama yote inakuwa nyingine kabisa. Mafaili mawili yakiwa na hashi moja basi ni kitu kilekile hata kama jina ni tofauti. Zaidi ya robo ya mzigo wetu ilikuwa ni marudio! Kuna waraka wa likizo ulikuwepo mara 88, faili lile lile, kila idara ilipandisha nakala yake. Tena zile hashi tumezitunza, kila mwezi tunazipitisha upya kuona kama kuna kumbukumbu alama yake imebadilika.

Mtafiti_wa_jalala

Mkuu swali, muda wa kutunza mlihesabu kuanzia lini? Sisi mfumo unaonesha kila kitu kimetengenezwa 2019 wakati mengine ni ya miaka ya tisini.

MzeeWaFolio

Mtafiti umegusa kidonda. Tuliingia shimo hilo hilo mzima mzima.

Tulipoweka ratiba kwa mara ya kwanza, yule mzabuni aliacha muda uhesabiwe kuanzia tarehe ya kutengenezwa. Tarehe ya kutengenezwa kwenye mfumo ni siku faili lilipopandishwa, maana yake siku ya kuskani. Sasa vocha ya malipo ya 1998 mfumo unaiona imezaliwa 2019, kitoto kichanga. Hati za mambo ya kodi sheria ya usimamizi wa kodi inataka uzitunze miaka 5, basi za 1998 mfumo ulikuwa unatuambia subirini mpaka 2024 ndo mziguse, wakati karatasi zake zilishamaliza muda kabla hata hatujawa na skana.

Ubaya mwingine ni wa kinyume. Mkataba wa pango wa miaka kumi, mfumo unahesabu kuanzia siku uliposkaniwa badala ya siku mkataba ulipokwisha. Ungekuja kutuambia tuuteketeze wakati bado tumo ndani ya jengo la watu!

Yule mama wa masjala ndo alitunasua, akauliza kwa upole kabisa, "kwani jalada huwa mnalifunga lini?" Kwenye karatasi kila mtu anajua, jalada likijaa unalifunga unafungua la pili, na ya fedha unayafunga 30 Juni mwaka wa fedha ukiisha. Muda wa kutunza unaanza hapo, jalada likifungwa, siyo siku barua ya kwanza ilipoingia. Kumbe kwenye moduli kitu hicho hicho kipo, hatua ya kwanza ya ratiba ni kufunga jalada, ndo inafuata kutunza miaka kadhaa, ndo kuhamisha au kuteketeza. Sisi tulikuwa tumeiruka kwa sababu mzabuni alisema ni ya hiari. Kwa nyaraka za zamani tukaongeza sehemu ya tarehe ya waraka wenyewe, vijana wakakaa wanaijaza kwa mkono kwa majalada yale tu yanayokaribia kuisha muda. Mengine yatajazwa zamu yake ikifika. Hatukufa.

Mwalimu_wa_Kakamega

Niko upande wa Kenya hapa, nimefurahia hii story. Kwetu pia ni vile vile, Cap 19, sheria yetu ya nyaraka za umma, inasema huwezi ukaharibu public records bila idhini ya Mkurugenzi wa Kenya National Archives. Lakini watu wa IT wanaona delete ni delete. Nyinyi hapo TZ mnapitia nani?

MzeeWaFolio

Karibu mwalimu. Sisi ni Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, nayo inataka kibali cha Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla hujachana hata ukurasa. Kwa hiyo kwenye mfumo tumeweka hivi, muda ukiisha haifutiki yenyewe, NAOMBA MSISITIZO HAPA, haifutiki yenyewe. Inakuja kwenye orodha, orodha inachapwa, inaenda kwenye kamati yetu ya ndani, inaenda Idara, kibali kikirudi ndo mtu mwenye mamlaka anabonyeza, na kibali chenyewe kinaingizwa kama kumbukumbu. Faili linaondoka ila taarifa zake zinabaki, jina, namba, liliteketezwa lini kwa kibali kipi. Kama rejista ya marehemu.

Na hilo la delete ni delete nikupe kisa. Kabla ya moduli, mtu wa ajira alikuwa amefuta maombi ya kazi ya miaka ya nyuma, CV, vyeti, nakala za vitambulisho vya watu, baada ya kusikia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika, ilianza 1 Mei 2023, akasema mimi sitaki kesi nafuta. Alifuta, akasafisha na kapu la taka, akalala usingizi. Sasa Alfresco ilivyo, kitu ukikifuta na kukiondoa kwenye kapu, faili lenyewe linabaki kwenye diski siku 14 halafu linahamishiwa folda inaitwa contentstore.deleted, na humo linakaa mpaka mtu wa seva aje alifute kwa mkono. Ni usalama tu, watu hukosea. Lakini kwetu hakuna aliyewahi kufungua hiyo folda tangu mfumo uwekwe. Siku tunakagua nafasi ya diski tukaikuta, imenenepa, na maombi ya kazi yote yamo, watu wamekaa na sura zao za pasipoti. Na hapo sijagusa bakapu, zile nakala za akiba za mfumo mzima.

seva_imelala

Aisee 😅 hapo kwenye contentstore.deleted nimeenda kuangalia ya kwetu. Sitasema nimekuta nini.

Lakini bakapu nayo mnafanyaje mkuu? Siwezi kuingia kwenye bakapu ya mwezi wa tatu nikatoe faili moja.

MzeeWaFolio

Huwezi na hatukutaki ufanye hivyo. Tulichokubaliana ni kuandika kabisa kwenye mwongozo kwamba bakapu inazunguka kwa siku 90, kwa hiyo kitu kilichoteketezwa kinakuwa kimeteketea kweli siku ya 91. Na mkirudisha mfumo kutoka bakapu ya zamani, kazi ya kwanza kabla watu hawajaingia ni kupitisha upya orodha ya vilivyoteketezwa. Bakapu ni ya kuokolea mfumo ukianguka, siyo mahali pa kutunzia kumbukumbu, hili ndo limenigombanisha na watu wengi sana.

Na kwa heshima yako nikupe na ile ambayo sisi masjala tungekosea bila nyie. Kulikuwa na rejista za mahudhurio, muda umeisha, ziko kwenye orodha ya kuteketezwa, kamati imepitisha, mimi mwenyewe nimesaini. Kumbe kuna mtumishi aliachishwa kazi kwa utoro na kapeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Masjala hatukuambiwa, barua ilienda moja kwa moja kwa mwanasheria. Mwanasheria alikuwa amefundishwa na yule kijana wa IT kuweka zuio, unachagua majalada unayafungia kwa sababu ya shauri, hayateketezwi hata muda uishe hata nani abonyeze. Akaliweka bila kutuambia. Siku ya kubonyeza mfumo ukagoma, nikampigia kijana simu kwa hasira nikijua mfumo umeharibika, akacheka, akaniambia baba soma hapo chini. Nikasoma. Nikakaa kimya mda mrefu. Zile rejista ndo zilikuwa ushahidi wetu wote.

Maktaba_ya_juu

Mkuu mimi niko maktaba ya chuo, tuna DSpace. Uongozi unataka tuingize na mafaili ya watumishi humo humo kwa vile "mfumo upo tayari". Inawezekana?

MzeeWaFolio

Usifanye dada, nakuomba. DSpace ilitoka 2002, MIT pamoja na HP, imetengenezwa kwa ajili ya tasnifu na makala za utafiti zionekane dunia nzima. Raha yake ni kuonekana. Ina mambo mazuri, inapima hashi, unaweza kuzuia tasnifu isisomwe mpaka muda fulani. Lakini haina ratiba ya kuteketeza, haina kufunga jalada, haina zuio la shauri. Na mafaili ya watumishi ni kitu cha mwisho duniani kukiweka kwenye mfumo uliotengenezwa ili Google iusome, mtu akikosea ruhusa moja tu, barua ya onyo ya profesa inasomwa na wanafunzi wake. Tasnifu ziache humo. Mafaili ya utumishi yatafutieni nyumba yao.

ndugu_wa_M365

Sisi tuko SharePoint, kuna zile lebo za muda wa kutunza unabandika kwenye faili, hazifutiki mpaka muda uishe. Si inatosha?

MzeeWaFolio

Inatosha kwa kiasi mkuu, lebo zinafanya kazi na unaweza hata kuiambia hii ni kumbukumbu isiguswe. Ila kuzibandika zenyewe bila mkono wa mtu kunataka leseni ya bei, na ukiwaachia watu wabandike wenyewe wataichagua ya kwanza kwenye orodha kila siku. Tulijaribu kitu kama hicho kwetu, ndani ya mwezi kila waraka ulikuwa "Ajira". Kwa sababu inaanza na A.

kipanga_wa_udom

😂😂😂 Na hao IT na paswedi ya admin mlimalizana vipi? Hilo ndo naona ni la moto.

MzeeWaFolio

Lilikuwa la moto kweli. Moduli inakuja na majukumu yake tofauti, yuza wa kawaida, msimamizi wa kumbukumbu, wa usalama, na admini wa kumbukumbu. Mkuu wa IT akasema yeye ni admini wa mfumo kwa hiyo ni admini wa vyote. Mimi nikasema mwenye ufunguo wa jengo siye mwenye ufunguo wa kabati la masjala ya siri, tangu zamani mlinzi ana ufunguo wa geti na hajawahi kusoma jalada. Tulifika mpaka kwa mkurugenzi.

Tulivyomaliza ni hivi. Admini wa seva ni IT, kila mmoja na akaunti yake, ile ya watu sita tumeizika. Admini wa kumbukumbu ni mkuu wa masjala. Kumbukumbu ya matukio, yani nani kafanya nini saa ngapi, inatumwa pia kwenye seva nyingine ambayo IT wa mfumo huu haigusi, mkaguzi wa ndani ndo anaiona. Haijamfurahisha mtu yeyote, kwa hiyo nadhani tumepatia. Ila masjala ya siri yenyewe hatujaiingiza kabisa, ile iko kwenye karatasi na kabati lake la chuma na mimi sina haraka.

Bi_Shubaka

Na kuskani je? Mliskani upya au mlitumia zile zile?

MzeeWaFolio

Za zamani tulizitumia zile zile kasoro zilizokuwa hazisomeki. Mpya zote ni PDF/A, ile aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha ISO 2005 kwa ajili ya kukaa miaka mingi, fonti zinakaa ndani ya faili lenyewe, 300 dpi. Kusoma maandishi tunatumia Tesseract, ni ya bure na Kiswahili inakijua, ila ikikutana na muhuri juu ya saini inaandika mashairi.

Na karatasi zenyewe msizitupe eti kwa sababu mmeskani! Kuskani siyo kibali. Pale Nyaraka za Taifa Dar kuna mafaili ya Wajerumani ya kabla ya vita ya kwanza, UNESCO waliyaingiza kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia 1997, mpaka leo mtafiti anaomba kwa namba ya jalada na analetewa. Karani aliyeyapanga alikufa zamani hizo.

Mtafiti_wa_jalala

Mkuu sasa hivi mko wapi?

MzeeWaFolio

Manunuzi imekamilika, fedha nusu, ajira tunaanza mwaka wa fedha mpya. Orodha ya kwanza ya kuteketeza, majalada 340, iko Idara tunasubiri kibali. Mkaguzi alirudi mwaka huu, akaomba mikataba mitatu, kwa kila mkataba akapewa nakala moja, na historia yake, akauliza mbona hamna FINAL2, mama akamwambia aliyekuwa anaitengeneza hana tena ufunguo.

kipanga_wa_udom

Na ile kadi ya harusi mkuu? Si mmeifuta 😂

MzeeWaFolio

Haifutiki. Yule kijana aliyeskani aliipa folio kabisa, folio 31, na jalada la mafunzo lilishafungwa. Nimeuliza hata Idara, wamesema itakaa na wenzake mpaka zamu ya jalada zima ifike. Mama wa masjala anasema aliyeandikiwa ile kadi bado yupo ofisini, ghorofa ya pili, na mchango hajatoa.